Muujiza Si Kisiagi

Nilikuwa nyumbani Misikhu likizo ya Desemba, na kama kawaida nilibeba laptopu, daftari na mfuko wa dadu. Wanaokuja hapa kutafuta mambo ya Python wanivumilie. Python ipo, lakini iko mbele kidogo.

Kwa wasiopajua, Misikhu ni kituo kidogo kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu unauona Mlima Elgon. Hapo, kwenye veranda ya dada yangu, mimi na vijana watano hucheza mchezo wa fantasia wa kuigiza wahusika. Hauhitaji skrini. Mtu mmoja (huyo ni mimi) anasimulia ulimwengu, na kila mchezaji ana mhusika wake: shujaa, mwizi, mchawi, kasisi. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu ndiyo inayoamua. Hadithi inayoendelea wiki baada ya wiki huitwa kampeni. (Jirani mmoja aliposikia neno hilo alidhani tumeanza siasa mapema. Hii ni Bungoma, simlaumu.)

Leo nina jambo moja la kusema. Namna michezo hii inavyoshughulikia miujiza na watu watakatifu ina kasoro, na kasoro hiyo kwetu huku si ya kuchekesha. Nitaeleza kwa nini, halafu nitawaonyesha nilivyojaribu kuirekebisha, pamoja na makosa yangu.

KASISI NA ORODHA YAKE

Mchezo uliozaa mingine yote, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu toleo hilo la kwanza kulikuwa na mhusika aina ya kasisi, mtu wa Mungu anayevaa silaha na kuponya wenzake. Kazi yake haijabadilika sana hadi leo. Kasisi ana orodha ya miujiza: kuponya jeraha, kuondoa sumu, kuumba chakula, kufufua maiti. Kila siku ana idadi fulani ya miujiza anayoweza kutumia. Akiitumia ikaisha, analala, na kesho inajaa tena kama chaji ya simu.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo naona haraka kilichofanyika hapa. Muujiza umegeuzwa amri. Unaiita, unatoa kinachotakiwa, inarudisha jibu lile lile kila mara. Mungu ni seva, na kasisi ni mtumiaji mwenye nywila.

Kwa lugha ya nyumbani, ni kisiagi. Unapeleka gorogoro la mahindi, unalipa, unarudi na unga. Hakuna anayemshukuru Mungu kwa sababu kisiagi kimesaga. Ila kikikataa kusaga, unamgombeza mwenye kisiagi.

Tazama kufufua maiti. Katika sheria za mwaka 2014, muujiza huo unataka almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, na almasi hiyo inateketea. Maana yake ni kwamba katika ulimwengu huo tajiri anafufuka na maskini anazikwa. Vijana wangu walicheza miezi bila kuliona hilo. Hata mimi sikuliona. Tulikuwa tunahesabu almasi tu.

SWALI LA MPWA WANGU

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili. Yeye ndiye mchezaji wa kasisi wetu.

Nyanya yake mzaa baba alikuwa na kisukari na presha. Alikuwa akimeza vidonge kwa miaka mingi na alikuwa akiendelea vizuri tu. Kisha ukaja mkutano wa injili katika soko moja la karibu. Mhubiri aliwaambia wagonjwa wapande mbegu, yaani watoe sadaka ya kiasi alichokitaja, na wawe na imani. Na mwenye imani, alisema, hashiki kidonge kwa mkono mmoja na Mungu kwa mwingine. Nyanya akapanda mbegu. Akaacha vidonge. Tulimzika kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa.

Likizo iliyofuata tukakaa mezani kucheza kama kawaida. Katikati ya mchezo, kasisi wa mpwa wangu alimponya mwenzake aliyeumwa na nyoka. Alitaja muujiza, akafuta alama moja kwenye karatasi yake, basi. Halafu akanyamaza. Akaniuliza:

"Mjomba, hii si ndiyo ile ile? Unatoa kitu, unapona. Sasa kwa nini nyanya alitoa?"

Sikuwa na jibu. Nilisema tupumzike tunywe chai.

Sisemi mchezo ulimwua nyanya. Hakuwahi hata kuuona. Ninachosema ni kwamba mhubiri yule na kitabu cha sheria cha mchezo wetu walikuwa na wazo moja: muujiza una bei, lipa upewe. Kijana wa miaka kumi na sita aliliona kabla yangu mimi ninayejisifu kwamba nasoma mifumo.

WATAKATIFU WA KWETU

Baada ya hapo nilianza kujiuliza watu tunaowaita manabii na watakatifu katika upande huu wa dunia wanafananaje. Je, wana orodha ya miujiza?

Anza na Elijah Masinde, mzaliwa wa Maeni kule Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Hadithi za ajabu kumhusu ni nyingi, na kila mzee ana yake. Lakini ukiweka kando ajabu zote, bado kuna mtu. Serikali ya kikoloni ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945, akatoka mwaka 1947. Mwezi Septemba mwaka huo huo aliongoza wafuasi wake hadi Chetambe, upande wa Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, naye akahamishwa Lamu, pwani, mbali kabisa na mlima wake. Uhuru ulipokuja hakuacha kubishana na serikali, na akaonja jela tena. Alifariki mwaka 1987.

Nikikaa na wazee, kinachowafanya wateremshe sauti wanapomtaja si kwamba aliponya fulani. Ni kwamba alikataa. Alikataa, akalipa kwa mwili wake, akakataa tena.

Vuka mpaka wa Malaba uende Namugongo. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wanafika huko, wengine kwa miguu kutoka Kenya. Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki kuwa watakatifu mwaka 1964. Sasa fikiria kisa hicho kama mchezo. Vijana wamefungwa kwenye mafunda ya matete, moto unawashwa, wanaomba. Dadu inasema nini? Moto haukuzimika. Hakuna malaika aliyeshuka na ndoo. Na watu wanawaheshimu kwa sababu hiyo hasa: hawakuzimiwa moto, na hawakuikana imani yao.

Kisha kuna Ngarambe, kusini mwa Tanzania. Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji akiwaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907, na wanahistoria wanakadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Maji hayakuzuia risasi. Hapo ndipo ahadi ya muujiza wa uhakika inapoweza kufikisha watu. Lakini hata Kinjikitile hakumbukwi leo kama mganga aliyefeli. Anakumbukwa kwa sababu makabila yaliyokuwa hayana mazoea ya kupigana pamoja yalisimama pamoja.

Hao ni watu watatu au makundi matatu, imani tofauti, nchi tatu. Hakuna hata mmoja ambaye ukubwa wake ungeandikwa kwenye karatasi ya kasisi wa Dungeons & Dragons. Karatasi ile haina nafasi ya kuandika "alikataa".

WENGINE WAMEJARIBU

Tuwe wa haki. Si michezo yote ni kisiagi. RuneQuest, uliotoka Marekani mwaka 1978, una sheria ninayoipenda. Mfuasi wa kawaida akimwita mungu wake wakati wa shida, anarusha dadu ya 100. Akipata namba isiyozidi nguvu ya nafsi yake, mungu anaitika. Lakini namba ile aliyopata inapunguzwa kutoka kwenye nafsi yake, na hairudi akilala. Angalau hapo anayelipa ni wewe mwenyewe, si mfuko wako.

Dungeons & Dragons yenyewe, katika sheria za 2014, ilimpa kasisi wa daraja la 10 nafasi ya kumwita mungu wake moja kwa moja. Anarusha dadu ya 100, na anasikilizwa akipata namba isiyozidi daraja lake. Yaani mara 10 kwa 100. Mara 90 mbingu ziko kimya. Nilipenda ukimya huo. Katika sheria mpya za 2024 wameiondoa dadu hiyo. Sasa kasisi anachagua muujiza wowote kwenye orodha hadi daraja la tano, na unafanyika, bila hata ile almasi. Najua kwa nini: wachezaji hawapendi kukataliwa. Kwangu mimi wamerudisha kisiagi, tena cha bure.

PYTHON SASA

Nikaamua kuandika programu ndogo ya maombi. Wazo lilikuwa rahisi. Kasisi hana orodha. Anaomba kwa sauti, kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nabonyeza kitufe kimoja, na programu inajibu ndiyo au hapana. Kwa nini programu na si mimi? Kwa sababu mimi ni mjomba wao. Nikikataa, nimewaonea. Nikikubali, nimependelea. Nilitaka jibu lisitoke kwangu.

Toleo la kwanza lilikuwa na hitilafu ya aibu. Kompyuta haibahatishi kweli kweli, inaanzia kwenye namba fulani na kutoka hapo inatoa msururu wa namba zinazoonekana kama za bahati. Namba hiyo ya kuanzia sisi waandishi wa programu tunaiita mbegu. (Naam, mbegu.) Wakati wa majaribio niliweka mbegu moja ile ile ili nipate matokeo yale yale, nikasahau kuiondoa. Vijana waligundua kabla yangu kwamba kila programu ikifunguliwa upya, ombi la tatu linakubaliwa. Basi wakawa wanaomba mawili ya upuuzi, mvua kwa maharagwe ya jirani na mambo kama hayo, kisha la tatu ndilo la maana. Halafu, "Mjomba, laptopu imezima, hebu iwashe tena." Nilicheka, lakini nilijifunza. Mpe mtu mbingu inayotabirika, ataigeuza kisiagi jioni moja.

Toleo la pili lilikuwa na kosa kubwa zaidi, na hili halikuwa la msimbo. Nilisema: mhusika akijinyima, akigawa chakula chake, akisema kweli inayomgharimu, nafasi ya kujibiwa inapanda. Nilidhani nimepata dawa. Baada ya wiki mbili walikuwa wanajinyima kwa mahesabu. "Nikigawa huu mkate nitafika 30?" Nilikuwa nimemwandika yule mhubiri wa sokoni kwa Python.

Toleo la tatu ndilo tunalotumia. Sheria ni tatu.

Kwanza, ombi lolote lina nafasi 7 kwa 100. Mtakatifu 7, mwizi 7. Kuomba mara kumi kwa jambo lile lile hakuongezi kitu, jibu la kwanza ndilo jibu.

Pili, karatasi ya mtu mtakatifu haina miujiza. Ina mambo ambayo hatafanya hata akiuawa. Matatu yanatosha.

Tatu, kila tunapokutana tunaanza kwa wachezaji kueleza wahusika wao walifanya nini mara iliyopita, kama watu wa kijiji cha mchezoni wanavyolisimulia. Wazo hili nimelichukua nyumbani. Katika khuswala kumuse, baada ya mzee wa heshima kuzikwa, msemaji husimama mbele ya watu na kuwarudisha kwenye yaliyopita ili waliobaki wajue la kufanya. Yanayosimuliwa mezani ndiyo yanayobadilisha ulimwengu wa mchezo: nani atakufungulia mlango usiku, nani atakuficha, nani atakupa ngamia bila kuuliza. Kujinyima hakununui muujiza. Kunakupa watu.

WANAOPINGA

Nimeshaambiwa mambo mawili. La kwanza: mchezo ni starehe, na kasisi asiyeponya anachosha. Kweli kidogo. Jeraha dogo linatibiwa kwa bandeji na dawa, na yeyote anaweza kujifunza, kasisi pia. Hilo nimeliacha lifanye kazi kila mara, kwa sababu dawa ndivyo ilivyo. Ukitaka kitu cha kutegemea, tegemea dawa. Vijana wameanza kubeba dawa. Sikupanga hivyo lakini nimefurahi.

La pili ni zito zaidi: unawafundisha watoto kwamba Mungu hasikii. Hapana. Mimi ni mtu wa kanisa, na sijui Mungu anajibu vipi, ndiyo sababu sikutaka kuandika sheria inayojifanya inajua. Namba 7 si namba ya Mungu. Ni namba ya mchezo, inayomlazimisha mchezaji aamue atafanya nini asipojibiwa.

Na kwa wenzangu wanaotengeneza michezo yenye manabii wetu, ombi moja: msimpe Masinde namba. Dini ya Msambwa ina waumini mpaka leo, na waliopigwa risasi Malakisi wana wajukuu wanaokunywa chai hotelini Kimilili. Tengeneza nabii wa kubuni, mpe mlima wa kubuni. Nabii wetu mchezoni hana jina lake wala sura yake. Ana kule kukataa tu.

MARA YA MWISHO

Desemba hii kasisi wa mpwa wangu aliingia kijiji ambacho mwanamke mzee alikuwa mgonjwa. Nawaapia sikuwa nimekusudia, kijiji hicho nilikiandika zamani. Mpwa wangu aliomba. Aliomba vizuri, kwa Kibukusu, jambo ambalo hajawahi kufanya mezani. Nikabonyeza. Hapana.

Alisukuma kiti akaingia ndani. Siku tatu hakucheza.

Siku ya nne alikuja asubuhi, wengine hawajafika, akasema anataka kuona msimbo. Nikamfungulia. Hajui Python nyingi, lakini ni mistari arobaini tu, akaisoma wote kwa kidole. Nadhani alikuwa anatafuta mahali nilipoandika jina lake, au la yule mzee.

"Kwa hiyo hakuna aliyemkatalia," akasema.

"Hakuna."

"Na hata angetoa zaidi ingekuwa vile vile."

"Vile vile."

Alikaa kimya kidogo. Halafu akauliza katika mchezo imepita siku ngapi. Nikamwambia hakuna iliyopita, tulimngoja. Akasema basi kasisi wake anabaki pale kijijini, anachota maji, na anamtuma mwizi mjini akanunue dawa kwa pesa zote za kundi. Mwizi alipofika saa nne na kuelezwa mpango huo alilalamika sana.

Dawa tutajua kama imefika kwa wakati likizo ya Aprili. Programu ya maombi nitaiweka hapa nikishaisafisha, kila mtu aichukue bure. Mkitaka kubadilisha ile 7 muiweke namba nyingine, ni ruhusa. Mbegu tu msiiache ndani.